Tangi la Mshonaji na Meno ya Shemeji

Tangi lililetwa Jumatatu asubuhi na wabeba mizigo wawili, mmoja akilalamikia mgongo wake, mwenzake akimlalamikia huyo anayelalamika. Walilitua juu ya meza yangu ya kazi wakaondoka bado wanabishana. Lilikuwa tangi la samaki la akriliki, refu kama kitanda cha mtoto. Nyuma, chini kwenye kona, mshono wake ulikuwa umeachana kiasi cha shubiri moja, na juu ya mwachano huo mtu alikuwa amepaka silikoni ya madirisha, tena kaipaka kwa moyo mkunjufu kama anampakia mgeni siagi kwenye mkate.

"Nani kafanya hivi?" niliuliza.

"Mimi," alijibu mwenye tangi, mshonaji wa nguo, akiingia na futi kamba shingoni. "Dukani waliniambia inaziba kila kitu."

"Inashika kwenye kioo, dada. Hiki si kioo. Akriliki ni plastiki, silikoni inakaa juu yake tu, haiingii." Nikaishika kwa ukucha, nikaivuta, ikatoka yote nzima nzima kama ganda la ndizi.

Mshonaji akaitazama ikining'inia. "Na Bosi yuko kwenye beseni," akasema, sauti imemshuka.

Bosi ndiye samaki. Ni mmoja tu, mwekundu, mkubwa kama kiatu cha askari, na ana nundu kwenye paji la uso kama mtu aliyegonga mlango gizani. Tangu tangi lipasuke alikuwa akiishi kwenye beseni la kufulia, ndani ya chumba cha kupimia nguo, na kila mteja akivua viatu yeye anamrushia maji. Mteja mmoja alikuwa amekwishaondoka na gauni lenye mkono mmoja, akisema huo wa pili atakuja kuufuata samaki akihama.

Tukiwa tunaongea, shemeji yangu akatokea mlango wa nyuma. Ameoga. Amechana nywele. Saa tatu asubuhi! Hapo nikajua kuna jambo.

Niseme kidogo habari za huyu shemeji. Karakana hii ilikuwa ya marehemu mume wangu, Mungu amrehemu. Aliniachia meza, misumeno miwili, chupa za dawa ya kuungia, ufundi aliokuwa akinifundisha jioni jioni, na kaka yake. Kaka yake alikuja msibani na begi la siku tatu. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Alilala sebuleni kwenye kochi, na kochi lilikuwa limeshika umbo lake, hata mgeni akikaa anaegemea upande asioutaka. Si mtu mbaya. Ana mikono mirefu, hagombani na mtu, anakula chochote. Lakini kila nikisali nilikuwa namtaja: Ee Mungu, mpe shemeji yangu mke mwema, na huyo mke awe na nyumba yake.

"Bibie," shemeji alimwambia mshonaji, anatabasamu meno yote nje, "hilo tangi niachie mimi."

Nikamtazama. Yeye kazi yake pale ni kushika upande wa pili wa kitu ninachokata mimi.

"Wewe?" mshonaji akasema. "Wewe uliyeniuliza lile swali Jumapili, ukakimbia kabla sijajibu?"

Ndivyo nilivyopata habari kwamba kuna swali.

"Sikukimbia. Mvua ilikuwa inakuja."

"Jua lilikuwa linawaka!" Akakunja mikono. "Haya, nisikilize. Mimi nimeahidiwa mengi na wanaume. Kuna aliyeniahidi kabati, mpaka leo sijaona hata msumari wake. Ijumaa alasiri nakuja na Bosi kwenye ndoo. Mshono mimi naujua. Nitalipapasa tangi langu, na wewe utasimama mbele yangu uniambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba halitavuja. Likishika maji, nitakujibu swali lako. Likivuja, usiniulize tena, wala usipite barabara ya kwangu."

Mlangoni aligeuka kidogo. "Meno mazuri lakini," akasema. "Umri wako wengi hawanayo." Akaenda zake.

Shemeji akajikalia juu ya ndoo iliyopinduliwa. Amenyauka. Maana yale meno manne ya mbele si yake. Ya kwake yalibaki kwenye usukani wa lori miaka kumi iliyopita. Haya ni ya bandia, yamepangwa kwenye kibao cha rangi ya ufizi kinachokaa kaakaani, na waliokuwa wanajua ni mimi, daktari na Mungu.

"Mwambie," nilisema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikishajibiwa."

"Hiyo si kumwambia, shemeji. Hiyo ni kumtega."

Akainuka, akasema anakwenda kutafuta msasa. Msasa ulikuwa mkononi mwake.

Jumanne tulisafisha. Shemeji alinijia na chupa ya spiriti, nikamnyang'anya kabla hajaifungua. Spiriti na akriliki hazielewani. Ukipangusa leo inang'aa, kesho unakuta vijiufa kama utando wa buibui vimetambaa kila mahali, na hapo hakuna fundi. Maji ya sabuni na pamba, basi. Tukaliosha, tukalikausha, tukaliwekea feni kutwa nzima, maana unyevu ukibaki ndani ya mshono kazi imeharibika.

Jumatano asubuhi nikaunga. Dawa ya akriliki si gundi. Ni nyepesi kama maji, na haigandishi, inayeyusha. Ukiitia kati ya vipande viwili inayeyusha huku na huku, vikikauka vimekuwa kipande kimoja. Kwanza nilichomeka pini nyembamba kwenye mwachano, moja moja, ziuache wazi kidogo. Kisha nikatia dawa kwa bomba la sindano, ikakimbia yenyewe ndani ya mshono mpaka mwisho. Marehemu alikuwa anahesabu kwa saa kabla ya kuchomoa pini. Mimi nina sala moja fupi ambayo urefu wake naujua. Nikifika "amina" nachomoa. Kwa hesabu hiyo sijawahi kukosea.

Mshono ukafunga, safi kama maji. Ikabaki kuutia nguvu kwa ndani: kijiti chembamba cha akriliki cha pembe tatu, kinaungwa kwenye ile kona kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo nilihitaji mikono mirefu. Tukalilaza tangi, shemeji akaingiza kichwa na mabega, makalio yamebaki nje kama ya mtu anayetafuta kitu uvunguni.

"Shika kijiti kisiteleze," nikamwambia. "Tia dawa taratibu. Ukimaliza weka jiwe juu yake. Jiwe, siyo kitu kingine. Na usidondoshe mate! Tone moja la mate, mshono unakuwa mweupe kama maziwa."

"Shemeji, mimi ni mtoto?"

"Nimesema tu."

Saa ya sala ilikuwa imefika. Nikaingia chumbani. Dakika kumi, hazizidi. Na katika dakika hizo kumi, kwa maelezo yake mwenyewe niliyoyapata baadaye kwa tabu, mambo yalikwenda hivi.

Kichwa kikiwa chini, meno yakaanza kulegea na mate yakaanza kumjaa. Akakumbuka maziwa. Akayatoa meno haraka kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado umebana kijiti. Akatia dawa vizuri kabisa, hilo simnyimi. Kisha akatafuta jiwe, na jiwe halipo, kwa sababu asubuhi yeye mwenyewe alilitumia kuzuia mlango usijifunge. Akikiachia kijiti kinateleza. Akatazama mkono wake wa kushoto, una kitu kigumu chenye kona. Akakichomeka pale. Kikakaa, anasema, kama kimechongwa kwa ajili ya kona ile.

Akatoka nje kuchukua jiwe mlangoni. Alipoliinua, mlango ukajifunga nyuma yake kwa upepo, na ule mlango kwa nje hauna kitasa. Akazunguka nyumba nzima na jiwe kifuani, akakuta mlango wa nyuma nimeufunga kwa ndani kwa ajili ya sala. Akanisubiri.

Nilipofungua nikamkuta amesimama na jiwe.

"Themeji," akasema, "kuna jambo."

Nilichungulia ndani ya tangi. Kule konani, juu ya kijiti kilichokaa kimenyooka kama kimepigiwa rula, meno manne yalikuwa yananichekea.

Nikayagusa. Hayakutikisika. Nikayavuta. Hayana habari. Kibao cha meno ya bandia nacho ni akriliki, ndugu zangu, ndugu wa damu na tangi. Dawa ilikuwa imepenya chini yake ikafanya kazi yake bila kuuliza hili la nani na lile la nani. Tangi na meno vilikuwa kitu kimoja.

Nilikaa chini. Nilitaka kumgombeza, nikafungua mdomo, kikatoka kicheko. Nilicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikanishuka machoni. Yeye kasimama tu na jiwe lake.

"Uthicheke, themeji. Ijumaa ni kethokutwa."

"Daktari je?"

"Wiki mbili."

"Haya. Sasa nisikilize vizuri." Nikajipangusa machozi. "Nina msumeno mwembamba. Nikiyakata yanatoka, na utakuwa na kitu cha kutia mdomoni Ijumaa. Lakini yameshikana na kijiti, na kijiti kimeshikana na mshono, na vyote bado vibichi. Nikitikisa hapo, mshono utaachia. Labda si Ijumaa. Labda mwezi ujao, usiku, juu ya vitambaa vya watu. Yakae, tangi linashika. Yatoke, siwezi kukuapia. Meno ni yako. Sema."

Alilitua jiwe chini polepole. Akaingiza tena kichwa kwenye tangi, akayatazama meno yake kwa karibu, yeye na meno yake ana kwa ana. Akakaa humo muda. Alipotoka alisema, "Yaache."

Nilimheshimu siku ile. Sikumwambia.

Alhamisi aliamka na akili mpya. Akanunua kokoto za rangi, akazimimina konani mpaka meno yakazikwa. Juu yake akapanda jani la plastiki.

"Hapo je, themeji? Huo ni uongo?"

Nilifikiri sana. "Kokoto si uongo," nikasema. "Lakini mimi nikiulizwa nitajibu."

"Uthiulidhwe."

Siku nzima alisimama mbele ya kioo cha bafuni akijifundisha lile neno moja alilotakiwa kulisema. Nilikuwa nikipika nikimsikia kupitia ukutani.

"Halitawuja." Kimya. "Halitahuja." Kimya kirefu. "Hali. Ta. Wuja." Kisha bomba la maji, kama mtu anayenawa uso.

Ijumaa asubuhi nililijaza tangi, nikatandika magazeti chini yake pande zote. Magazeti hayana siri, tone moja tu linaacha alama. Kila baada ya kazi ndogo niliinama nikayapapasa. Saa nne, makavu. Saa sita, makavu. Saa nane nikasali, nikarudi, makavu.

Alasiri mshonaji akaja na ndoo iliyofunikwa kanga, nyuma yake shangazi yake, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa, aliyeanza kuongea tangu getini.

"Ndiye huyu? Mbona mrefu? Atapita mlangoni kwako?"

"Shangazi, tafadhali."

Shemeji alikuwa amesimama kando ya tangi, shati limepigwa pasi, kitambaa cha mkono kimeziba mdomo na pua. Akawainamia kwa adabu.

"Ana nini huyu?" shangazi akauliza. "Kaumwa na nyuki?"

Wote wakanigeukia. Mungu ananiona, nikasema, "Hapana, mama. Hana kitu mdomoni. Hana kitu kabisa."

Mshonaji hakuwa na haraka. Akavua saa yake, akakunja mikono ya gauni, akaanza kupapasa mshono kwa nje, kidole kwa kidole, jinsi anavyopapasa kola aliyoletewa na mwanafunzi wake. Akainama kwenye magazeti. Akayasugua kwa kiganja, akakitazama kiganja. Akapiga goti akachungulia kona kwa chini.

"Mshono huu nimeupenda," akasema. Nikamwona shemeji anavuta pumzi ndani ya kitambaa. "Tumtie Bosi kwanza."

Bosi akatiwa. Akazunguka mara moja kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Akalitazama lile jani la plastiki, hakulipenda. Samaki wa aina yake ana tabia ya kupanga nyumba upya. Akaliuma jani, akaling'oa, likapanda juu likaelea. Kisha akashuka konani, akajaza kokoto mdomoni, akaenda kuzitema upande wa pili.

Shemeji akasogea mbele ya kona. Mshonaji akamzuia kwa kidole kimoja.

"Sasa wewe. Ondoa hicho kitambaa, uniambie."

Shemeji akatikisa kichwa.

"Unatikisa nini? Litavuja?"

Akatikisa kichwa zaidi.

"Basi sema!"

Bosi akachukua mdomo wa pili wa kokoto. Akachukua wa tatu. Kila akitema tulisikia chakacha, chakacha, kama mtu anayepepeta mchele. Mimi nilitazama magazeti.

Shangazi ndiye aliyepiga ukelele. "Kuna mtu humo ndani!"

Meno yalikuwa wazi, yote manne, meupe, yanacheka konani. Na Bosi, alipoyaona, akavimba. Mapezi yakasimama, nundu ikawa nyekundu zaidi, akarudi nyuma hatua moja, akayaendea mbio akayapiga kwa kichwa. Meno hayakutikisika. Akarudi akapiga tena. Hayakutikisika. Tangi lenyewe halikutoa hata tone.

Mshonaji akaweka paji la uso kwenye akriliki. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akamtazama shemeji.

Shemeji akashusha kitambaa.

"Ni yangu," akasema. "Thi ya kudhaliwa nayo. Nilitaka kukwambia, bibie, nikaogopa. Yamenatha humo nikiwa kadhini. Themeji alithema akiyakata, mthono utalegea. Nikathema yaache." Akajipangusa kidevu, mate yalikuwa yamemtoka. Akasimama wima kama mtoto anayekariri shairi mbele ya wazazi. "Halitawuja."

Shangazi alifungua mkoba wake, akatoa miwani, akaivaa, akautazama mdomo wa shemeji na tangi kwa zamu, kama anayelinganisha vitambaa viwili.

"Kweli," akasema. "Hapa yametoka, pale yameingia."

Mshonaji akanigeukia. Uso wake sikuweza kuusoma, na mimi nyuso nazisoma. "Ni kweli haya, dada? Alichagua mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilimpa nafasi. Aliingiza kichwa humo, akafikiri, akatoka akasema yaache."

"Na kokoto?"

"Kokoto ni zake pia."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Niliomba usiniulize. Hilo nitalitubu leo leo."

Mshonaji akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia, nikatafuta pa kumkalisha. Kumbe ni kicheko, kimemkaba, hakina njia ya kutokea, mpaka akashika futi kamba yake kwa mikono miwili akaing'ata. Alipopata pumzi alisema, "Mwingine alishindwa kuacha hata kikombe kwangu. Huyu kaacha meno!"

"Bibie," shemeji akasema, "kwa hiyo lile thwali..."

"Ngoja." Akajipangusa macho. "Daktari akikupa mengine, haya huyagusi. Yanabaki hapa."

"Yatabaki."

"Ukinikera, nitawaonyesha wateja."

"Waonyethe."

"Basi ndiyo," akasema. Akageuka upesi akaanza kukunja ile kanga ya ndoo, akaikunja mara nyingi kuliko inavyohitaji kanga.

Shangazi akapiga kofi moja. "Nimekubali na mimi! Akikimbia, dhamana tunayo. Atakwenda wapi, atatafuna nini?"

Bosi bado alikuwa anapigana. Ilibidi tumtoe kwa nguvu, tukayamwaga maji yote, akarudi ndooni amekasirika. Wabeba mizigo hawakuonekana, kwa hiyo tangi walilibeba wao wenyewe, mshonaji upande mmoja na shemeji upande wa pili, yeye akienda kinyumenyume. Shangazi alitangulia na ndoo, akiwaambia wapita njia wapishe, kuna mgonjwa.

Nilisimama getini nikawasindikiza kwa macho. Siku mbili nzima yule mtu alikuwa hajasema neno mbele ya watu, na sasa maneno yakamfunguka yote pamoja. Alimweleza habari za dawa, na pini, na jiwe, na mlango usio na kitasa, akirusha mate juu ya tangi, nusu ya maneno hayaeleweki hata kwangu niliyeishi naye miaka mitatu. Mshonaji alikuwa akimwongoza njia.

"Kuna shimo kulia kwako. Hapo ngazi, inua mguu." Kisha, walipokuwa wanakata kona, nikamsikia akisema: "Ehe, halafu? Mlango ukajifunga, halafu?"